Hii ni Witch ile ile? Kwa nini wasikilizaji hawapatani juu ya diski ya kurudi

Leo siandiki juu ya mihogo wala mnyauko wa migomba, mtanisamehe. Nataka tuangalie swali moja linalogombanisha wapenda muziki kila mara: kundi la zamani likirudi studio baada ya miaka mingi, kwa nini watu wawili wanasikiliza diski ile ile, siku ile ile, kisha wanatoka na maneno yanayopigana? Mmoja anafurahi mpaka machozi. Mwingine anasema wamemzika marehemu mara ya pili.

Mfano wangu unatoka kwa majirani wetu, Zambia. Kundi linaitwa WITCH. Ndiyo, neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, na huku Butembo jina hilo peke yake linatosha kukutoa kwenye kwaya. Lakini wenyewe waliziandika herufi hizo kama kifupi cha sentensi: We Intend To Cause Havoc, yaani tunakusudia kuleta vurugu. Walikuwa vijana. Nani kati yetu hakutaka kuleta vurugu kidogo akiwa na miaka ishirini?

Mnamo Juni 2023 WITCH ilitoa albamu inayoitwa Zango. Ya mwisho kabla ya hapo, Kuomboka, ilitoka 1984. Hesabu mwenyewe: miaka 39. Mtoto aliyezaliwa katikati ya hapo amekwisha kupata lisansi, ameoa, na bado anatafuta kazi.

Kabla ya kufika kwenye maoni ya watu, lazima tujue kundi lilikuwa nini. Miaka ya 1970 vijana wa Copperbelt, ule ukanda wa shaba unaopakana na Katanga yetu, walikuwa wanasikiliza Rolling Stones, Black Sabbath, Deep Purple na Grand Funk Railroad. Walichukua zile gitare nzito wakazichanganya na midundo na lugha za kwao. Muziki huo ukaitwa Zamrock. Rais Kaunda aliamuru redio ipige muziki ya Zambia kwa asilimia 95, na hiyo iliwapa nafasi. Upande wetu, miaka ileile, Mobutu alikuwa na mambo yake ya otantisite, na vijana wa Zaïko Langa Langa walikuwa wanafukuza saksofoni na kuipa gitare kiti cha mbele. Nchi mbili jirani, amri mbili zinazofanana, na matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo. Historia ya muziki wetu wa Afrika ya kati bado haijaandikwa vizuri, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.

WITCH ya kwanza ilikuwa watu watano. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari, ni Mick Jagger aliyebatizwa kwa Kiafrika. Gitare Chris Mbewe na John Muma, besi Gedeon Mulenga, ngoma Boidi Sinkala. Walitoa In the Past (1974), Lazy Bones!! (1975), Lukombo Vibes (1976), na zingine. Kitu kinachotambulisha diski hizo ni sauti ya gitare inayonguruma kama imepasuka. Mafundi wanaiita fazi. Nitaieleza kwa urahisi: sauti inasafiri kama wimbi, inapanda na kushuka. Ukiisukuma kupita nguvu ya mashine, kilele cha wimbi kinakatwa, kinakuwa bapa, na sikio linasikia mkwaruzo. Umekwisha kuusikia kwenye matanga, wakati mtu wa sono anapandisha baffle mpaka mwisho na sauti ya mchungaji inakuwa kama ya jenereta. Tofauti ni kwamba hawa walifanya hivyo kwa makusudi, na kwa utamu. Walirekodi na vyombo vichache, bila nafasi ya kurudia-rudia. Ule uchafu kidogo ndani ya diski ni sehemu ya ladha, kama vile moshi ndani ya samaki.

Kisha mambo yakaharibika. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970 na pesa ya nchi ikaanguka nayo. Zambia ilikuwa inapokea wapigania uhuru wa Rhodesia, kwa hiyo vita ikavuka mpaka: kuzima taa usiku, amri ya kutotoka nje. Makundi yaliyokuwa yanapiga usiku yakalazimika kupiga mchana. Sisi wa Beni, Butembo na Lubero tulioishi chini ya état de siège tangu Mei 2021 hatuhitaji mtu kutueleza amri ya kutotoka inafanya nini kwa muziki. Mpiga gitare anayepaswa kuwa nyumbani kabla giza halijaingia anaanza kutafuta kazi ingine.

Mwaka 1977 Jagari aliondoka kwenye kundi, akaenda Lusaka kwenye chuo cha Evelyn Hone kusomea ualimu wa muziki. Hapa shikeni vizuri, kwa sababu ndiyo ufunguo wa maneno yote yanayofuata: kundi halikufa siku ile. Liliendelea bila yeye. Akaingia mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, na muziki ikageuka disko. Movin' On ya 1980 na Kuomboka ya 1984 ni kazi ya kipindi hicho. Baadaye kimya. Ukimwi ulipita juu ya Zambia kama ulivyopita, na wanamuziki wa kizazi kile walikwenda mmoja mmoja. Kati ya wale watano, aliyebaki ni Jagari peke yake. Alifundisha, kisha akaingia porini kuchimba mawe ya thamani, kama wachimbaji wetu wadogo wa Manguredjipa, huku huko Ulaya na Marekani wakusanyaji wananunuliana diski zake za zamani kwa pesa ambayo yeye haioni.

Kampuni ya Marekani, Now-Again, ikachapisha tena zile diski za miaka ya 1970, na kufikia 2012 zilikuwa zimekusanywa kwenye sanduku moja. Ndipo dunia ikagundua. Jagari akaanza kuitwa Ulaya, vijana wa huko wakajiunga naye, kati yao Mholanzi Jacco Gardner kwenye besi. Mwondela naye akarudi kwenye kinanda. Filamu juu ya safari hiyo ikatoka 2019. Halafu wote wakaingia DB Studios, Lusaka, studio ambayo kundi lilirekodi zamani, wakatengeneza Zango. Jina hilo, kwa Kikaonde, ni mahali pa kukutania.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Kuko wasikilizaji wanaosema: hii si Witch. Hoja yao ya kwanza ni watu. Mzee mmoja na mpiga kinanda wa kipindi cha pili, wengine wengi ni wazungu. Hoja ya pili ni sauti. Gitare nzito ziko, lakini dakika chache baadaye unasikia disko, halafu regge, halafu Sampa the Great anaingia na rapu kwenye Avalanche of Love. Wanauliza: ile ngurumo ya mwanzo mpaka mwisho imekwenda wapi?

Hoja hii ya pili ina kosa ndani, na ndilo ninalotaka kuwaonyesha. Mtu anayesema disko inaharibu Witch anamaanisha Witch ipi? Disko ilikuwa Witch kwa miaka minne au zaidi! Mwondela hakuleta kitu cha kigeni, alileta nusu ya pili ya historia ya kundi. Lakini msikilizaji wa Paris au Los Angeles alilijua kundi kupitia lile sanduku la diski za miaka ya 1970. Kwake Witch inaishia Jagari anapoondoka. Sikio lake lilifundishwa na mtu aliyechagua nini kichapishwe tena na nini kiachwe. Anadhani anatetea asili, kumbe anatetea uchaguzi wa duka.

Mtu wa Kitwe au Ndola aliyekuwa kijana 1981, akicheza Movin' On kwenye baa, hawezi kusema hivyo. Kwake Zango inarudisha miaka miwili tofauti ya maisha yake ndani ya sahani moja. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana juu ya diski ya kurudi, usiulize kwanza nani ana haki. Uliza kila mmoja aliingilia mlango gani.

Hoja ya watu ni ngumu zaidi, na haiko ya Waafrika peke yao. Black Sabbath, baba wa hevi meto wote, walirudi Juni 2013 na albamu inayoitwa 13. Ozzy Osbourne alikuwepo, Tony Iommi na Geezer Butler pia, lakini mpiga ngoma Bill Ward hakuwepo: hawakuelewana juu ya mkataba, nafasi yake ikachukuliwa na Brad Wilk. Albamu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya mauzo ya Uingereza, kitu ambacho kundi halikukipata tangu Paranoid ya 1970. Na bado mpaka leo kuko mashabiki wanaokataa kuihesabu, kwa sababu ya mtu mmoja tu nyuma ya ngoma. Watatu kati ya wanne hawakutosha. Sasa Jagari na mmoja kati ya watano, afanyeje? Lakini angalieni: Ward alikuwa hai, angeweza kuitwa, na Julai 2025 aliitwa kweli, akapiga na wenzake Birmingham siku chache kabla Ozzy hajafariki. Wenzake Jagari huwezi kuwaita. Kumwambia mtu asirudi na jina la kundi mpaka wenzake warudi, wakati wenzake wako kaburini, ni kumwambia afe naye.

Niliwapigisha Zango marafiki sita hapa Butembo, watu wa umri wetu, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia Zamrock. Nilitaka kuona sikio lisilo na kumbukumbu linasema nini. Mmoja, mpenzi mkubwa wa Werrason, alisikiliza wimbo mbili akasema: “Huyu muzee iko na nguvu, lakini sebene iko wapi?” Dada mmoja anayefundisha shule ya msingi alitaka turudie Unimvwesha Shuga, akasema lugha hiyo anaielewa bila kuielewa. Mwingine alikasirika na jina la kundi, akaondoka mapema. Na yule wa mwisho, ambaye ni fundi wa sono, alisema neno lililonikaa: “Gitare hizi ni chafu kwa usafi.” Nikamwomba aeleze. Akasema ule mkwaruzo umepangwa vizuri mno, kila kitu kiko fasi yake. Nikampigia Lazy Bones!! mara moja baadaye. Akacheka. “Hii ndiyo chafu.”

Fundi huyo hakuwa na habari ya sanduku la Now-Again wala ya miaka ya 1970, na bado alisikia tofauti ya kweli. Kwa hiyo si maoni yote ni kumbukumbu tu, kuko yale yanayopimika. Mfano mkubwa ni Metallica. Mwaka 2008 walitoa Death Magnetic, na wengi waliipokea kama kurudi nyumbani baada ya St. Anger ya 2003 iliyowachosha. Nyimbo zilipendwa. Lakini wasikilizaji walianza kulalamika kwamba diski inaumiza masikio. Nyimbo hizo hizo zilikuwa pia kwenye mchezo wa video Guitar Hero, na huko zilisikika vizuri zaidi! Watu walizilinganisha kwenye kompyuta wakaona kwa macho: kwenye CD vilele vya mawimbi vimekatwa bapa, kwenye mchezo bado viko. Sauti ilikuwa imebanwa ili iwe kubwa kila sekunde. Maelfu ya watu wakatia sahihi ombi la kutaka diski itengenezwe upya. Hata fundi wa hatua ya mwisho, Ted Jensen, alieleza kwamba kazi ilimfikia ikiwa imekwisha kubanwa. Kwa hiyo shabiki aliyesema “kuna kitu kinaniuma hapa” hakuwa mzee anayelilia ujana wake. Alikuwa na masikio.

Ndiyo maana ninasema tutenganishe. Kuko malalamiko yanayotoka kwenye diski, na kuko yanayotoka kwa msikilizaji. Zote zinasemwa kwa sentensi moja: si kama zamani.

Wale waliosoma agronomia pamoja nami wataniruhusu mfano mmoja. Kahawa ikizeeka, mkulima wa Lubero anaweza kung'oa na kupanda upya, ama anaweza kukata shina karibu na udongo na kungoja machipukizi. Ukichagua kukata, mwaka wa kwanza shamba linaonekana kama limeharibiwa na vita. Jirani anakucheka. Baadaye chipukizi linabeba matunda kwenye mizizi ya zamani. Ni mti ule ule? Mizizi ndiyo, majani hapana. Lakini hakuna mkulima anayepima mavuno ya chipukizi kwa kulilinganisha na mti uliokuwa na miaka saba katika udongo mpya. Anapima kwa kuangalia mizizi inafanya nini sasa.

Kwangu mimi mizizi ya Zango inasikika kwenye Waile. Jagari aliutunga wimbo huo 1978, akiwa amekwisha kuondoka kwenye kundi, na haukurekodiwa wakati ule. Fikirieni kutembea na wimbo miaka zaidi ya arobaini, kupitia darasani, kupitia shimoni kwenye mawe, mpaka ukutane na watu wa kuupiga. Ni wimbo wa uchungu wa mtu aliyeondoka. These Eyes of Mine nayo inazungumza juu ya ukimwi, na anayeimba ndiye aliyebaki. Hapo hoja ya “wenzake wako wapi” inajibiwa ndani ya diski yenyewe.

Sisemi albamu yote ni nzuri. Wageni ni wengi mno, na kuko nyimbo ambazo nasikia zimetengenezwa kwa jukwaa la Ulaya, mahali watu wanasimama kwenye majani na bia mkononi. Hizo ningeziondoa. Lakini anayeitupa yote kwa sababu haifanani na sanduku la 2012, huyo hajaisikiliza.

Na msidhani ugomvi huu uko mbali na sisi. Tarehe 30 Juni 2022, Wenge Musica ile ya zamani ilipanda pamoja Stade des Martyrs, Kinshasa, JB Mpiana na Werrason jukwaa moja, baada ya kuachana tangu 1997. Mnakumbuka vile mijadala iliwaka hapa, kila mtu na kambi yake, hata watoto waliozaliwa baada ya kuachana. Watoto hao walirithi kambi kama vile mtu anavyorithi shamba.

Kwetu Luofu iko kwaya moja, sitaitaja. Wakati wa vita ya 2024, ilipofika Kanyabayonga na Kirumba, waimbaji walitawanyika: wengine Butembo, wengine Beni, wengine wakavuka Kasindi mpaka Uganda. Walipoanza kuimba tena, sauti za chini zilikuwa za watu wapya, na mpiga kinanda alikuwa kijana aliyejifunzia kambini. Misa ya kwanza, nilisikia mama mmoja nyuma yangu anasema polepole: “Hii si ile.” Alikuwa na haki kabisa. Alijua kila sauti iliyokosekana na jina lake. Lakini mama huyo huyo alirudi Jumapili iliyofuata, akakaa mbele. Nilipomsalimia nje, hakusema kama sasa ni nzuri ama si nzuri. Aliniuliza tu yule kijana wa kinanda ni wa nani.

Swali la mama huyo nalipenda kuliko “hii ni Witch ile ile?” Juni 2025 kundi la Jagari lilitoa ingine tena, Sogolo, neno la kusema mbele. Mbishano umeanza upya, na sasa umeingia kizazi ambacho kiliijua Zamrock kwa njia ya Tyler, the Creator, aliyechukua kipande cha Paul Ngozi na kundi lake Ngozi Family katika wimbo wake Noid wa 2024. Hao hawana sanduku wala baa ya Ndola. Mlango wao ni mwingine kabisa, na watalalamika juu ya mambo ambayo sisi hatujayafikiria.

Kama mega zako ni kidogo, usianze na yote. Sikiliza Lazy Bones!! wimbo mbili tatu, kisha kitu kimoja cha Kuomboka ili usikie disko yao, kisha Waile. Kwa mpangilio huo, wala si kinyume. Tumia ekuta kama unazo, baffle ya simu inakula besi yote. Halafu andikeni hapa chini ni wimbo gani mngeondoa, na msiandike tu “nzuri sana”. Nataka sababu.